Jina Nililolikata kwa Wino Mwekundu

Walisema sitavuka mto Malagarasi. Wengine walinipa masafa marefu kidogo: nitafika Tabora, nitaonja wali, nitasahau habari za shule. Mjomba wangu, aliyenilea na aliyekuwa na ghala kubwa la mawese hapa Rumonge, alisema mbele ya wateja wake, "Huyu mutoto mikono yake imejaa mafuta. Kalamu itamuteleza." Watu wakacheka. Nami nikacheka nao, kisha nikaenda kuosha mikono.

Malagarasi niliuvuka. Tabora nilifika, wali nikala, na shule sikuisahau. Niliungana na msafara hadi pwani, nikaingia Tanga nyayo zimepasuka, nikakaa miaka minne katika shule ya serikali ya Wajerumani. Nilisoma hesabu, ramani na uandishi wa barua za ofisi, nikatoka na cheti chenye mhuri wa tai. Toka Kabezi hadi Nyanza, mwambao wetu wote wa ziwa, sikusikia mtu mwingine mwenye karatasi ya namna ile, na mpaka leo nikilitaja jambo hilo kifua kinapanda. Sitajifanya mnyenyekevu. Vitu vya njiani nilikopeshwa, lakini shuleni hakuna aliyenishika mkono. Nilirudi sehemu kubwa ya njia kwa gari la moshi, nimevaa viatu, na sanduku langu amelibeba mtu mwingine.

Nayasema haya kwanza kwa sababu ni ya kweli, na kwa sababu yatakayofuata ni ya kweli vilevile.

Boma la Usumbura lilihitaji makarani. Likaniruhusu nifungue darasa la juu katika baraza la ghala la mjomba, kando ya mapipa ya mawese. Halikuwa darasa la watoto. Watoto walikuwa na chuo chao cha Kurani. Langu lilikuwa la watu wazima waliokwisha kuhitimu, wanaojua kuandika kwa herufi za Kiarabu, na sasa walitaka herufi za Kizungu, hesabu za ofisi na barua. Walikuwa kumi na mmoja: washonaji wawili, muuza chumvi mmoja, na waliobaki wavuvi wa Rumonge na Gatete. Baadhi yao walikuwa na mvi. Mwisho wa masomo boma lingewatahini, na atakayefanya vizuri kuliko wote angepewa ukarani wa soko.

Kulikuwa na faida nyingine, na kila mtu aliijua. Aliyeandikwa katika orodha yangu hakuchukuliwa upagazi. Kila mwezi nilipeleka orodha bomani, na askari walipokuja kutafuta watu wa kubeba mizigo kwenda milimani walikuwa na nakala yake. Jina likiwemo, mtu alibaki na familia yake. Jina likikosekana, alipewa mzigo. Nguvu hiyo niliishika kwa mkono uleule niliouosha mafuta, na nakiri kwamba niliipenda.

Nilifundisha kama nilivyofundishwa. Kengele saa moja asubuhi. Mimi nasema, wao wanaitikia. Naandika ubaoni, wao wananakili. Maswali hapana, maana Tanga mwanafunzi aliyeuliza alisimamishwa juu ya benchi mpaka mchana. Anayesinzia nilimpigia rula kwenye meza mbele ya pua yake, kisha nikamwambia maneno ambayo mtu mwenye watoto hapaswi kuambiwa.

Walisinzia sana. Wageni wangeweza kushangaa, lakini mimi sikuwa mgeni. Ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha moto katika mtumbwi, samaki wakaufuata mwanga, nao huwachota kwa lusenga, ule wavu wa mdomo mpana wenye mpini mrefu. Mwezi ukiwa mkubwa moto haufai kitu, na hapo ndipo wanapolala. Kwa hiyo katika kila mwezi zilikuwepo wiki ambazo wanafunzi wangu walitoka majini jua linachomoza, wakagawana samaki, wakaja moja kwa moja darasani na magamba mikononi, macho mekundu kwa moshi. Nilizaliwa mwambao huu wa ziwa. Nilijua hayo kabla ya kujua kusoma. Lakini nilikuwa nimerudi na viatu, nikaamua kwamba mtu anayesinzia ni mvivu, na kwamba saa moja ya Tanga ni saa moja ya kila mahali.

Miongoni mwao alikuwepo mvuvi mmoja wa Gatete, mtu wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini. Nilimwita kaka tangu utotoni. Ndiye aliyenivusha kwa mtumbwi wake mpaka Ujiji siku ninaondoka; sikuwa na nauli, akaniambia nitalipa nikirudi. Darasani sikumwita kaka. Nilimwita "wewe pale".

Siku moja, mwezi ukiwa mkubwa na wote wako macho, nilitoa hesabu niliyoikariri Tanga. Shamba lina minazi arobaini na minane. Theluthi yake imekauka. Robo ya iliyobaki imekatwa. Imesalia minazi mingapi? Nikaifanya mwenyewe ubaoni, haraka, kwa madaha. Kumi na sita imekauka, kumi na miwili imekatwa, imesalia ishirini. Nikawaambia wanakili.

Yule mvuvi hakunakili. Aliuangalia ubao, halafu akasema, "Mwalimu, mimi hiyo minazi sijawahi kuiona. Nikaihesabu kama ndagala."

"Hukuulizwa," nikamwambia.

"Ndiyo. Lakini mwenye mtumbwi anachukua theluthi, anakwenda nyumbani. Mwenye lusenga anachukua robo ya ile imebaki hapa mchangani. Wewe umemupa robo na ya mwenye mtumbwi ndani, na mwenye mtumbwi amekwisha kwenda. Imebaki ishirini na ine, siyo ishirini."

Kisha muuza chumvi, ambaye hakuwahi kufungua mdomo tangu darasa lianze, akasema polepole, "Basi mwalimu amekula minazi mine."

Walicheka. Walicheka kicheko kizuri, cha watu walioelewa hesabu, na kama ningekuwa mwalimu ningekipokea. Mshonaji mmoja alikuwa tayari anamweleza mwenzake kwa vijiti juu ya meza. Lile lilikuwa somo bora lililowahi kufundishwa katika baraza lile mpaka siku hiyo, na halikuwa langu. Mjomba alikuwa anapima mafuta mlangoni. Aliinua uso akanitazama.

Nilifuta ubao kwa mkono wa kanzu, nikapiga kengele, nikawafukuza waende makwao.

Giza la mwezi liliporudi, yule mvuvi alisinzia. Wengine sita walisinzia pia asubuhi hiyo. Wale sita niliwapigia rula. Yeye sikumgusa. Nilingoja darasa litoke, nikafungua orodha, nikachovya kalamu katika wino mwekundu tuliopewa kwa ajili ya kusahihishia, nikalikata jina lake kwa mstari mmoja ulionyooka. Pembeni nikaandika: mvivu, hafundishiki. Orodha ikaondoka na mtumbwi wa barua kwenda Usumbura. Sikumwambia. Aliendelea kuja, nami nikaendelea kumtazama akija.

Askari walifika baada ya siku chache. Walimchukua ufukweni, bado ana kikapu mkononi. Muuza chumvi aliyekuwepo alinisimulia kwamba hakubishana kwa nguvu. Alisema tu, "Mimi niko katika kitabu cha mwalimu. Muangalie vizuri." Wakaangalia vizuri. Wakamtwika mzigo, wakapanda naye milima upande wa Kitega, kwenye baridi ambayo mtu wa ziwani haijui.

Mkewe alikuja siku hiyohiyo. Alisimama chini ya baraza, hakupanda ngazi.

"Amahoro, mwalimu."

"Amahoro."

"Baba watoto wamemupeleka. Wanasema jina haliko. Wewe ndiye unaandika. Jina iko ao haiko?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Pipa la mawese lilikuwa kati yetu, na nakumbuka niliweka kiganja juu ya mfuniko wake.

"Hayo mambo ya boma, mama," nikasema. "Mimi napeleka tu karatasi. Huko hukosea."

"Basi uwaandikie wamekosea."

"Nitaandika."

"Murakoze," akanishukuru, akaondoka.

Sikuandika. Kuandika kungekuwa kujishtaki kwa mwandiko wangu mwenyewe. Nilijiambia kwamba wapagazi hurudi. Nilijiambia pia kwamba darasa lazima liwe na adabu, na maneno hayo yalisikika vizuri kichwani mwangu kwa siku mbili au tatu.

Adabu ilikuja. Wale kumi waliobaki walikuwa kimya kama viti. Walifika kabla ya kengele, hata waliotoka majini. Wengine walijifinya mapaja wasisinzie. Nikisema, waliitikia. Nikiuliza kama wameelewa, waliitikia kwamba wameelewa. Hakuna aliyekosoa kitu, hakuna aliyecheka, na yule muuza chumvi hakufungua tena mdomo isipokuwa kuitikia. Sikujua kama walikuwa wameliona lile jina lililokatwa au walikuwa wamehisi tu. Sikuthubutu kuuliza.

Kisha boma likataka kuona kazi zao. Niliandika ubaoni barua fupi ya ofisi, wakainakili, nikazipeleka karatasi kumi kwa fahari. Zilirudi na maneno machache ya karani mkuu. Katikati ya ile barua palikuwa na neno nililolifuta nusu bila kujua, mkono wa kanzu ulipopita ubaoni. Wote kumi walikuwa wameliandika nusu. Wote kumi. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza lile neno lina maana gani, au aliyejiuliza alinyamaza. Karani aliandika: "Umetuletea mtu mmoja mara kumi."

Nilisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama, nikaketi.

Asubuhi iliyofuata sikupiga kengele. Nilitembea hadi ufukweni, mahali wanapogawana samaki, nikakaa juu ya gogo kwa mbali. Wanafunzi wangu walikuwa pale. Sikuwatambua. Yule muuza chumvi, aliyekuja kununua ndagala wa kukausha, alikuwa anabishana na wavuvi wawili kwa wakati mmoja: theluthi hii, robo ile, nani ameleta kuni za moto, nani anadai sehemu ya jana. Mshonaji mzee alikuwa anamsahihisha mwenzake kwa kuchora mchangani. Waliulizana, wakakataana, wakacheka, wakafika kwenye jibu, na jibu lilikuwa sahihi. Nililihesabu mwenyewe kichwani, mara mbili. Yote niliyoshindwa kuyaleta darasani yalikuwa pale kabla jua halijapanda. Na mtu aliyejaribu kuyaleta darasani nilikuwa nimempeleka milimani.

Nilibadilisha kazi yangu. Sikuibadilisha kwa wema. Niliibadilisha kwa sababu niliaibika, na aibu ilinifundisha kuliko Tanga.

Niliwaambia kwamba kuanzia sasa darasa litafuata mwezi. Wiki za mbalamwezi tutasoma asubuhi mpaka adhuhuri. Wiki za giza watalala kwanza, tutakutana saa tisa alasiri, kwa muda mfupi. Mshonaji mmoja akauliza kwa woga kama boma limekubali. Nikamwambia boma linataka makarani, halijasema wasome saa ngapi.

Minazi niliiacha pwani. Hesabu zikawa za vikapu, madebe ya mawese, chumvi na siku za mwendo wa mtumbwi. Barua zikawa barua ambazo wangependa kuzituma wao: kwa ndugu aliye Ujiji, kwa mtu aliyechukua nyavu hakurudisha. Nilianza kuuliza kabla ya kueleza. Mwanzoni hawakujibu, maana waliogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa. Ndipo nikaanza kukosea makusudi. Naandika hesabu ubaoni yenye kosa moja, nawaambia kosa lipo, atakayeliona aje achukue chaki. Siku ya kwanza hakuja mtu. Siku ya pili pia. Siku ya tatu muuza chumvi alisimama, akasogea kana kwamba sakafu ina moto, akasahihisha, akarudi kukaa. Nikasema, "Ahsante, umeniokoa." Hapo darasa likapumua.

Baada ya miezi miwili ungelisikia baraza lile kutoka kwenye maji. Mjomba alilalamika kwamba wateja wake wanakuja kusikiliza na kusahau kununua. Karani mkuu alikuja mwenyewe kutoka Usumbura, akawauliza maswali ambayo sikuwafundisha, wakayajibu, wakamuuliza na yeye. Akaniambia hajaona darasa la namna hiyo. Habari zikafika Nyanza. Watu walinisimamisha sokoni kunisifu, na mimi, ambaye napenda sifa kuliko nyama, nilikuwa nazimeza zikinikwama. Kila mbinu waliyoisifu ilitoka katika dakika ile moja ya ndagala na minazi. Sikuwaambia ilitoka kwa nani.

Alirudi siku ya mbalamwezi, asubuhi, darasa likiendelea. Alikuwa amekonda. Bega lake la kulia lilikuwa limeshuka, na alitembea ameushikilia mkono ule kwa mkono mwingine. Alikaa mwisho wa benchi. Wenzake wakamsogelea, wakamshika, wakamuuliza habari za milimani. Alisema kuna baridi na migomba mingi.

Darasa lilipotoka alinifuata.

"Bega limekufa, mwalimu. Kasia siwezi tena. Nimejaribu leo asubuhi." Alisema kama anayetoa taarifa ya mvua. "Sasa imebaki hii kalamu. Na huo mtihani. Nikikosa hiyo kazi ya soko, sijui wale watoto watakula nini. Utaweza kunirudisha katika kitabu?"

Nililiandika jina lake mbele yake, kwa wino mweusi.

"Murakoze sana," akasema. "Mama watoto aliniambia uliwaandikia wamekosea. Mungu akulipe."

Nikaitikia amina. Kati ya yote niliyofanya, amina hiyo ndiyo inayoniamsha.

Nilimfundisha kwa bidii niliyokuwa nayo. Alikuwa nyuma ya wenzake kwa miezi, lakini kichwa chake kilikuwa kilekile. Aliandika kwa mkono wa kushoto sasa, herufi zikiinama upande usio wake. Kadiri alivyoendelea vizuri, ndivyo nilivyozidi kushindwa kumtazama. Alikuwa anasoma ili aokoe nyumba yake, kwa mtu aliyeibomoa, na hakujua. Mtu anayefundishwa hivyo anafundishwa uongo, hata kama hesabu zote ni sahihi.

Zikiwa zimebaki wiki mbili kabla ya mtihani, mshahara wangu wa boma wa miezi yote ulifika kwa pamoja. Niliamua kulipa wote walionikopesha nilipokuwa naenda pwani, na niliamua kulipa hadharani, ili wale waliosema sitavuka Malagarasi waone. Ndiyo, nilitaka waone. Nilitandika mikeka barazani, nikaita watu. Kwa mjomba nilirudisha rupia za mawese aliyonipa nikauze njiani. Mzee wa msikiti alipata thamani ya mbuzi wake. Mama mmoja wa Gatete, aliyenikopesha kitambaa cha kubadilishana na chakula, nilimpa kitambaa kizuri mara mbili, akajifunga papo hapo, akina mama wakapiga vigelegele. Mjomba alisema kwa sauti, "Nilikosea. Kalamu haikumuteleza." Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo miaka mingi. Yalipita masikioni kama ya mtu mwingine.

Akabaki yule mvuvi. Alikuja mbele, bega limeshuka.

"Kaka," nikamwambia, "nauli ya Ujiji ilikuwa kiasi gani?"

"Wakati ule ilikuwa rupia moja. Kwa wewe, nusu." Watu wakacheka. "Leta hiyo nusu, mwalimu, tusipoteze saa. Alasiri kuna darasa."

Nilikuwa nimeishika kiganjani. Nikaona nikimpa na kunyamaza, kila aliyekuwa pale angekwenda nyumbani akisema mwalimu hana deni la mtu. Nikasema, "Boma halikukosea. Jina lako nililikata mimi. Ulinisahihisha mbele ya watu, nikangoja usinzie, nikalikata. Mkeo alipokuja nilimdanganya. Barua sikuandika."

Mkewe alikuwa miongoni mwa akina mama. Niliona anauondoa mkono wake begani kwa jirani. Mjomba aliangalia chini.

"Kwa sababu ya ile minazi mine," mvuvi akasema.

"Ndiyo."

"Mutu akakate jina la mutu kwa minazi mine, na haiko hapa hata mumoja."

Nikamwambia nitampa chochote atakachotaka. Mshahara wa mwaka. Shamba langu la michikichi. Akanyoosha mkono wa kushoto, kiganja wazi.

"Nusu rupia," akasema.

Nikampa. Akaifunga katika pindo la nguo.

"Hii nilikukopesha, na umenilipa. Lile bega sikukukopesha. Usinipangie bei."

Akashuka ngazi. Mkewe akamfuata bila kunitazama, watu wakaondoka mmoja mmoja, na waliopewa fedha zao hawakuaga.

Saa tisa nilikaa barazani peke yangu, mikeka bado imetandikwa. Walikuja wote kumi na mmoja. Yeye alikaa benchi la mbele, karibu na ubao, akatoa kalamu yake. Nikasimama, nikaanza kukunja mikeka.

"Fundisha," akasema. "Mtihani ni wa kwangu."

Niliandika hesabu, na siku hiyo sikuweka kosa la makusudi. Walilipata jingine, la kweli, nililolifanya bila kujua, wakanisahihisha. Aliyechukua chaki hakuwa yeye; yeye alinakili tu.